Betri Mbili za Mzee Munyaneza

“Mukankusi, ni kweli Shyaka anakulipa kwa kushika vifua vya watu?”

Béata ndiye aliyeuliza hivyo, asubuhi moja kwenye bomba la maji, mbele ya akina mama watano waliokuwa wamepanga madumu yao. Béata hakuwa na roho mbaya. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta tangu zamani, na Mukankusi alipofiwa na mumewe, Béata ndiye aliyelala naye kwenye mkeka wiki nzima. Ila mdomo wake haukujua kusubiri.

“Ananilipa,” Mukankusi akajibu, akiendelea kukinga maji. “Na siku nitashika cha kwako ataongeza, maana iko kazi mingi pale.”

Akina mama wakacheka mpaka dumu la mmoja likafurika. Béata akacheka kuliko wote, akikiinamia hicho kifua chenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa kweli, na ilianza hivi. Shyaka alikuwa kijana wa kwaya ya kanisa lao, mwenye kikampuni cha kupiga video za harusi: kamera mbili, taa, na mikrofoni nne ndogo zisizo na waya mrefu, zile ambazo mjini Gisenyi watu huziita mikro. Kila mikro ina kiboksi cha kufunga kiunoni, na kwenye kiboksi hicho hutoka uzi mwembamba unaopanda mpaka kifuani, na mwishoni kuna kitu kidogo kama punje ya maharage. Hiyo punje ndiyo inayosikia. Mtu akisema, sauti yake inapita hewani mpaka kwenye mashine, na mashine inaiweka kila sauti mahali pake, hii hapa, ile pale, bila kuzichanganya.

Mashine hazikumsumbua Shyaka. Waliomsumbua ni akina mama. Mama gani aliyevaa mshanana wake wa hariri, lile vazi la kutupia begani, atakubali kijana aingize mkono penye nguo zake kutafuta pa kubana punje? Harusi moja kule Mahoko mama wa bibi harusi alimzaba Shyaka kofi la mkononi, na kwa kuwa mikro ilikuwa imekwisha kuwashwa, kofi lile lilisikika vizuri kuliko hotuba zote za siku ile. Kesho yake Shyaka akaja kwa Mukankusi, akakaa kwenye kigoda, akasema, “Mama, nisaidie. Watanivunja mikono.”

Mukankusi aliomba siku tatu, kisha akakubali.

Hakuwa amesoma zaidi ya shule ya msingi, lakini nguo alizijua, maana alikuwa ameshona kwa miaka mingi. Mara ya kwanza alipovaa hedifoni masikioni alisikia mikro ya bibi harusi inavuma kama moto unaokula majani makavu. Shyaka alisema mashine imeharibika. Mukankusi akamtazama yule bibi harusi anavyopumua, akaona ile hariri iliyotupwa begani inateleza juu ya punje kila pumzi. Akaenda, akaihamisha punje upande wa bega lililo wazi, akaibana kwenye blauzi ya ndani, na hariri akaikamata kwa pini mbili. Moto ukazimika. Tangu siku ile Shyaka hakumpeleka tu kuwavalisha watu. Alimkalisha penye mashine yenyewe, pembeni ya hema, azitazame taa nne ndogo, moja kwa kila mikro. Taa ikiruka kijani, mtu anaongea vizuri. Ikigonga nyekundu, anapiga kelele. Ikilala chini wakati mtu anaongea, betri imekufa, kimbia ukabadilishe.

Na alikuwa na sheria yake mwenyewe, ambayo hakufundishwa na Shyaka. Mikro haijui kwamba mwenye nayo amekwenda pembeni. Mtu anasahau kabisa kwamba ameivaa. Anaingia chumbani kumteta shemeji, anakwenda nyuma ya nyumba kulia, na punje inasikia yote. Kwa hiyo Mukankusi, akimwona mtu ametoka mbele za watu, alivua hedifoni akaziweka mapajani. Alizitazama taa kwa macho tu. Masikio yake, alisema, atayatolea hesabu kwa Mungu.

Basi ikaja posa ya Gentil.

Gentil alikuwa kijana wa Nyakiriba, mwalimu, na alikuwa anamwoa Ineza, binti wa Ildephonse wa Rubona. Alikuja ofisini kwa Shyaka wiki mbili mapema, akasema jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulisema.

“Video mufanye kama munavyofanya siku zote. Lakini mi nataka pia sauti ya babu yangu peke yake. Yote. Bila muziki, bila watu, tangu anavaa mikro mpaka anavua. Inawezekana?”

“Inawezekana,” Shyaka akasema. “Mashine inaweka kila mutu peke yake.”

“Bon. Yeye ndiye amenilea. Nataka watoto wangu wamusikie.”

Mukankusi alikuwa pale anasafisha punje kwa pamba, akamsikia akimwandikisha Shyaka majina ya pande zote mbili, mpaka ya mababu, ya kuwekwa kwenye video. Moyo ulimpenda yule kijana palepale. Mumewe alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita, na hakuna mahali popote duniani sauti yake ilipobaki.

Babu mwenyewe alikuwa Mzee Munyaneza. Nani asiyemjua kule juu milimani, kunakolimwa viazi? Katika posa za kwetu wazazi hawaombani mdomo kwa mdomo. Kila upande unaweka msemaji wake, na wasemaji hao wawili wanapimana kwa maneno, wanataniana, wanakataliana, mpaka msichana atolewe. Munyaneza alikuwa amezisemea familia za watu kwa miaka arobaini. Walimfuata kutoka Kanama, kutoka mjini, hata kutoka Goma. Sasa, akiwa na miaka themanini na kitu, ilikuwa zamu ya mjukuu wake mwenyewe, na watu walikuja Rubona siku ile nusu kwa ajili ya posa, nusu kumsikia yeye.

Hema lilipigwa uani kwa Ildephonse, ziwa likiwa chini pale. Shyaka alihangaika saa nzima na masafa ya mawimbi, maana kanisa lililo juu ya barabara nalo lilikuwa na mikro zake, na kila alipowasha ya tatu, aliingia mhubiri akiwataka watu watubu sasa hivi. Mwisho akapata njia nne zilizo wazi. Mikro ya kwanza akapewa Sebagabo, msemaji wa upande wa msichana. Ya pili Mzee Munyaneza. Ya tatu mama wa Ineza. Ya nne Gentil.

Wanaume walivalishwa na Shyaka. Lakini Mzee Munyaneza alimtazama Shyaka, akatazama mikono yake, akasema, “Huyu mutoto ana mikono ya baridi kama samaki. Mama yule anivalishe.”

Mukankusi akaja, akapiga goti, akamfunga kiboksi kiunoni.

“Muzee, usiguse hapa, na usizime.”

“Nikikohoa?”

“Itakohoa na we.”

“Yoo! Na nikisema uongo?”

“Itaandika, Muzee.”

Mzee akacheka, na vidole vyake vikampapasa begani kama anavyopapaswa mtoto.

Zilikuwa zimebaki dakika chache wageni waketi. Shyaka akamwambia apitie sauti moja moja, ahakikishe zote ziko sawa. Mukankusi akavaa hedifoni, akabonyeza ya kwanza: Sebagabo anatafuna karanga. Ya tatu: mama wa Ineza anagombana na mtu aliyezisahau Fanta juani. Ya nne: Gentil anahema. Akabonyeza ya pili.

“Mimi naitwa Munyaneza. Nimetoka Nyakiriba na watu wangu. Tumekuja kuomba binti yenu…”

Sauti ikakatika. Mukankusi akatazama taa, haikuwa betri.

“Tumekuja kuomba binti yenu… We mutoto, jina lako nani? Yule mufupi, anayecheka. Jana nilikuwa nalo.” Kisha kimya, na upepo kidogo, na mlio wa tangi la maji nyuma ya jikoni. Kisha sauti ile ikashuka chini kabisa. “Mungu wangu, unaona. Wiki iliyopita nilisahau njia ya kisima, nikasimama kama mbuzi. Uniachie leo tu. Leo tu, Bwana, kwa ajili ya mutoto wangu. Kesho uchukue yote, hata jina langu mwenyewe.”

Mukankusi alizivua hedifoni kama zinachoma. Lakini alikuwa amechelewa, amekwisha kusikia.

Alikaa akiwa amezishika mapajani, hajui afanye nini. Amwambie Shyaka? Shyaka ni mzuri, lakini ni kijana, uso wake ungesema kabla ya mdomo. Amwambie Gentil, aiharibu siku yake? Aende kwa mzee mwenyewe? Na amwambie nini: Muzee, nimesikia ulivyokuwa unaongea na Mungu? Akafanya lile alilolijua. Akaomba, macho wazi, akizitazama taa nne.

Akiwa hapo, Sebagabo akaja na chupa ya Fanta mkononi. Sebagabo alikuwa amekulia Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni.

“Mama, pole na kazi. Karibu kinywaji. Hebu niambie, hicho kitu cha masikioni kinawasikia na wale wa upande wa pili?”

“Kinawasikia, baba.”

“Hata wakijitenga kuteta?”

“Hata wakijitenga.”

Sebagabo akaangalia huku na huku, akainama. “Na wewe ni mtu wa kanisa, huwezi kumnyima mwenzako habari kidogo. Mzee yule amejiandaaje? Ana silaha gani leo?”

“Kinasikia, baba, lakini mi sisikii,” Mukankusi akasema, akamrudishia Fanta yake.

Sebagabo akacheka, akainywa mwenyewe.

Watu wakaketi, pande mbili zikitazamana, na katikati kukaachwa njia tupu ya majani ambayo hakuna anayeikanyaga maneno yakishaanza. Mambo yalikwenda kwa Kinyarwanda na Kiswahili vimechanganyika, maana nusu ya ukoo wa Ineza ilikuwa imevuka kutoka Goma asubuhi ile. Sebagabo akasimama, akajishika tumbo.

“Wageni, karibuni. Tumewaona mmekaa, mmekunywa, na mmeliangalia ziwa letu bila kulipa. Sasa tuelezeni. Mmepotea njia, au mnatembeza viazi?”

Upande wa Rubona wakacheka. Mzee Munyaneza akainuka taratibu juu ya fimbo yake. Mukankusi akashika ukingo wa meza.

“Viazi tumeviacha nyumbani, mwanangu,” mzee akasema. “Tumesikia watu wa hapa muna njaa, tukaogopa mutavila vibichi.”

Hema likalipuka. Taa ya pili ikaruka kijani safi, na Mukankusi akaanza kupumua. Labda Mungu amempa. Na kweli, kwa robo saa nzima mzee alikuwa moto. Sebagabo alirusha, yeye akadaka. Sebagabo akauliza kama watu wa Nyakiriba wanajua kuoga. Mzee akasema wanajua, ila wakishuka ziwani samaki wanawakimbilia, ndiyo maana wavuvi wa Rubona hawapendi. Watu walijifuta machozi. Utani ulikuwa unamtoka wenyewe, kama mtu anayetembea njia ya miaka mingi bila kuangalia chini.

Kisha Sebagabo akafika penye swali lenyewe.

“Haya, Mzee, umesema mmekuja kuomba binti. Lakini hapa mabinti ni wengi. Yupo wa kuchota maji, yupo wa kusoma, na yupo mmoja anakoroma usiku mpaka majirani wanalalamika. Nisije nikakupa huyo. Mtaje basi: jina lake, na la baba yake, na la babu yake.”

Mzee Munyaneza akafungua kinywa.

Mwanzoni watu walitulia kwa raha. Munyaneza alijulikana kwa kunyamaza. Alikuwa akiliacha neno liive. Lakini kimya kikaendelea. Mwanamke mmoja aliyekuwa anajipepea akaacha kujipepea. Gentil akainua macho kumtazama babu yake. Taa ya pili ilikuwa imelala chini kabisa. Taa ya tatu ikaruka kidogo, mara mbili, kitu cha kunong’ona, na Mukankusi hakuhitaji kuvaa hedifoni ili ajue mama wa Ineza anamwambia nini jirani yake. Kuja kumwomba mtoto wa watu bila kulijua jina lake! Ni kama kusema hukuwahi kumuuliza. Posa zimewahi kuvunjika kwa dogo kuliko hilo, na mtu aliyejengwa kwa maneno miaka arobaini angeanguka pale, juu ya majani, mbele ya kamera mbili.

Mukankusi akachukua betri mbili kwenye mfuko, akasimama, akaikanyaga ile njia tupu.

Alisikia watu wakiguna. Sebagabo akainua mkono.

“Mama wa mitambo! Hapa wanaume wanazungumza!”

“Betri, baba,” akasema bila kusimama. “Betri haijui nani anazungumza.”

“Jamani!” Sebagabo akawageukia watu wake. “Nyakiriba hii! Hata betri yao inakata roho kabla ya kutaja jina!”

Watu wakacheka kwa nguvu, kwa sababu walikuwa wanatafuta pa kucheka, na chini ya kicheko kile Mukankusi akapiga goti mbele ya mzee. Mzee alimtazama. Yalikuwa macho ya mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Mukankusi akafungua kiboksi. Betri zilizokuwa ndani zilikuwa nzima kabisa, lakini akazitoa, akaweka zile nyingine, ili lile neno alilolisema mbele za watu lisije likawa uongo. Na kiboksi kilipowaka tena, vidole vikikifunga, akanong’ona bila kuinua uso.

“Ineza. Wa Ildephonse. Wa Mugabo. Ineza, Muzee.”

Akasikia pumzi ya mzee inaingia, ndefu.

“Umemaliza, binti yangu?”

“Nimemaliza.”

“Inafanya kazi?”

“Iko muzuri sasa. Sema tu.”

Akarudi mahali pake. Nyuma yake sauti ya mzee ikapanda.

“Sebagabo, mwanangu, sasa betri ni mupya, donc ujishike vizuri. Ninamuomba Ineza. Ineza wa Ildephonse, Ildephonse wa Mugabo, yule Mugabo ambaye hakuna mugeni aliyepita mulango wake bila kunywa. Sijaja kuomba anayechota maji, wala anayesoma. Na kama ni yeye ndiye anayekoroma, usijali. Gentil wetu anakoroma tangu ana miaka mitatu, mi nimelala naye chumba kimoja, najua. Watakoroma wote wawili, na hakuna atakayemusikia mwenzake.”

Sebagabo mwenyewe alikaa chini kwa kucheka. Mama wa Ineza alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika, na taa zote nne zikaruka pamoja. Msichana akatolewa. Ng’ombe wa mahari wakatajwa, wazee wakapeana mikono, na watu wakaenda nyumbani wakisema Munyaneza ni yuleyule, hajapungua hata neno moja.

Jioni Mukankusi alipokuwa anamvua mikro, mzee akamwuliza.

“Betri zako umezinunua wapi?”

“Duka lolote tu, Muzee.”

“Ah,” akasema. “Ni nzuri.”

Jumatatu Shyaka akakaa kwenye kompyuta kupanga zile sauti nne juu ya picha. Mukankusi alikuwa anafagia. Akamwona Shyaka amesita kidogo, amerudisha sauti nyuma, amesikiliza tena, kisha amegeuka na hedifoni shingoni, uso wote unang’aa.

“Mama! Kumbe ulimunong’oneza!”

Mukankusi akaegemeza ufagio ukutani. Katika shughuli zote zile alikuwa amesahau jambo moja, lile lile ambalo yeye mwenyewe hulicheka kwa wengine. Alipiga goti mbele ya mikro iliyo wazi, akaisemea ndani.

“Hii ni nzuri sana,” Shyaka akasema. “Sikia, nakata dakika moja tu: muzee ananyamaza, we unaenda, unanong’ona, anaamka. Naweka kwenye mutandao. Watu watatupenda! Ni upendo huu, Mama.”

“Ni upendo, ndiyo sababu hautaki watu elfu.”

“Hawatamucheka.”

“Wengine hawatacheka. Na yule mumoja atakayecheka, ndiye muzee atamusikia. Futa, mwanangu.”

Shyaka akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa kusikia, ukimwacha afikirie. “Kwenye mutandao, bon, nimeacha. Na kwenye video naweza kuziba, nitatumia mikro ya Sebagabo pale, mutu hatasikia kitu. Lakini Gentil aliomba sauti ya babu yake yote, tangu kuvaa mpaka kuvua. Nikikata, nimemuibia. Na mbele kuna kitu kingine, nyuma ya jikoni, anaongea peke yake. Umeshasikia?”

“Nimesikia.”

“Nimupe Gentil hiyo?”

Mukankusi akakaa. Aliwaza sauti ya mumewe, na namna ambavyo angetoa kila alichonacho ili aipate, hata kama ingekuwa inalalamika, hata kama ingekuwa inakohoa tu. Akawaza pia macho ya mzee pale alipopiga goti. Kufuta kulimuuma. Kutoa kulimuuma. Mwisho akasema, “Si ya kwetu wala si ya Gentil. Ni ya mwenyewe. Aulizwe mwenyewe.”

Mzee Munyaneza alikuja Jumatano, peke yake, amevaa koti na kofia ya kanisani. Alikuwa ameandika jina la mtaa wa ofisi ya Shyaka kwenye kiganja kwa kalamu. Mukankusi aliliona alipomshika mkono, akajifanya hajaliona. Akamkalisha, akamletea chai, akamweleza yote bila kuzunguka: kwamba alimsikia kabla, kwamba anaomba msamaha kwa masikio yake, na kwamba mashine imeyashika yote mawili, sala na ule mnong’ono. Kisha akamvalisha hedifoni taratibu, kama alivyomvalisha mikro.

Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisikiliza sala yake ya nyuma ya jikoni. Alisikiliza utani wa viazi, na midomo yake ikacheka kidogo. Alisikiliza kile kimya, chote, na kilikuwa kirefu kuliko walivyokidhani siku ile. Kisha ule mnong’ono. Kisha sauti yake mwenyewe ikipanda. Chai ikapoa.

Akazivua mwenyewe, akaziweka mezani.

“Muzee,” Shyaka akasema kwa upole, “kila sauti iko peke yake. Naweza kufuta ya kwako hapa na hapa, za wengine zibaki. Hakuna atakayejua. Gentil ataona hotuba nzuri tu.”

“Ile ya nyuma ya jikoni, futa. Pale nilikuwa naongea na Mungu, na yeye alishasikia.”

Shyaka akaifuta, mzee akitazama.

“Na hii nyingine? Ya Mama?”

Mzee Munyaneza hakujibu haraka. Na kimya hiki hakikuwa kile cha chini ya hema. Hiki kilikuwa chake, cha zamani, cha kuliacha neno liive.

“Gentil ananipigia simu kila jioni. Babu, uko muzima? Namujibu, mi muzima. Mara ngapi nimefungua kinywa nimuambie! Nimewasemea watoto wa watu miaka makumi ine, hakuna neno lililonishinda. Hili langu limenishinda.” Akamgeukia Mukankusi. “Hii muiache. Usiitie kwenye video ya watu. Ile sauti aliyoomba, umupe mukononi, we mwenyewe, umuambie asikilize akiwa peke yake, mpaka mwisho, asiruke kitu. Atasikia nilivyoanguka, na atasikia nilivyoinuka. Vyote viwili.”

“Muzee, atalia,” Mukankusi akasema.

“Atalia. Kisha atakuja nyumbani, na mi sitahitaji kumueleza kitu.”

Akaimalizia ile chai baridi kwa mkupuo mmoja, kwa heshima ya aliyempa. Akachukua kofia, akaiweka kichwani, akaisawazisha kwa mikono miwili. Akamwekea Mukankusi kiganja kichwani, kidogo, kama kwenye baraka. Kisha akashika fimbo yake, akatoka.